Fahali Aliyeitwa Shukrani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi na viatu vya kanisani. Meneja wa kituo cha ushirika wa maziwa pale Ruiru alinitazama kuanzia kichwani hadi vidoleni, akaingia ndani bila kunisalimu, akatoka na ovaroli kuukuu iliyonuka maziwa yaliyochacha.

"Vaa hii," akasema. "Ng'ombe hajui wewe ni binti ya nani. Anajua tu kama mkono umefundishwa ama unabahatisha."

Kabla ya chakula cha mchana ovaroli ile ilikuwa na kinyesi hadi kwenye kola, paja langu lilikuwa limepigwa teke, na nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu yeyote nyumbani.

Wajukuu wangu wakinisikia nikisema nilifanya kazi ya AI maisha yangu yote, wanadhani cucu wao alitengeneza kompyuta. AI yetu ilikuwa ya ng'ombe. Vitabu huiita uhimilishaji, yaani kumpa ng'ombe mbegu ya fahali bila fahali mwenyewe kufika. Mbegu hukaa ndani ya mrija mwembamba kuliko kalamu, na mirija hukaa ndani ya mtungi wa naitrojeni, kimiminika cha baridi kali ambacho ukifungua kifuniko hutoa moshi mweupe na watoto wa boma hukimbia. Mrija unayeyushwa kwa maji ya uvuguvugu na kutiwa kwenye chuma kirefu tulichokiita bunduki. Mkono mmoja, wenye glavu ya kufika begani, unaingia nyuma ya ng'ombe kuutafuta mlango wa kizazi. Mkono wa pili unaielekeza bunduki. Macho hayana kazi hapo, unaona kwa vidole.

Kubwa kuliko yote ni joto, ule muda mfupi ambao ng'ombe anataka dume. Akionekana asubuhi, mhudumie jioni. Akionekana jioni, mhudumie kesho yake asubuhi. Hesabu ni rahisi hivyo, lakini wakulima wetu walinipigia simu joto likiwa limeshapoa, na ng'ombe asiposhika mimba, mbaya alikuwa mimi.

Na niseme mapema, maana nyinyi vijana mnaoingia kazini mnapenda kuuliza: ndiyo, mimi ni mtu wa kanisa. Niliimba kwaya kabla sijajua glavu ni nini, na bado naimba. Kila mara mkono ulipokuwa ndani niliomba, kimoyomoyo, kwamba vidole visinidanganye. Baada ya kuomba nilifuata nilichofundishwa chuoni. Sikuwahi kuona mambo hayo mawili yakigombana ndani yangu. Ugomvi niliukuta kwa watu.

Mara ya kwanza nilikuwa Mugutha, wakati kule bado kuna mashamba na si maploti matupu. Mzee mmoja aliniita kumhudumia mtamba wake. Nilipofika nilikuta amesimamisha fito za mti mbele ya hori, kila fito imeambuliwa gome kwa mistari. Nikauliza ni za nini. Akanieleza, akishangaa kwamba mwanakwaya hajui, kuwa katika Maandiko kuna mfugaji aliyeweka fito za namna hiyo mbele ya mifugo iliyokuwa ikipandana, na wakazaa watoto wenye madoa.

"Mimi nataka ndama wa madoa," akasema. "Wewe fanya yako, macho yake yafanye yao."

Nikamwambia rangi iko ndani ya mrija, haingii kwa macho. Akanuna. Ndama alipozaliwa, mweusi kwa mweupe, mabaka safi kabisa, mzee alitembeza habari hiyo Mugutha nzima. Fito zake zimefanya kazi! Baba wa ndama alikuwa Friziani, ng'ombe wa mabaka, jamani. Angezaa nini, kijani? Nilirudi ofisini nikifoka. Meneja aliendelea kula mahindi yake.

"Hizo fito zilikuzuia kuingiza mkono?" akauliza.

"Hapana."

"Zilimdhuru ng'ombe?"

"Hapana, lakini si kweli!"

"Si kweli ni nyingi sana hapa duniani, msichana. Ukienda kupigana na kila moja, nitampata nani wa kupandisha ng'ombe? Chunga ile inayoumiza."

Nilikasirika, maana nilikuwa na umri wa kukasirika. Baadaye nilipelekwa Murera, nikahudumia ng'ombe waliofungwa katikati ya nyumba za kukodisha, ambako mpangaji alinichungulia kutoka ghorofani na mswaki mdomoni. Kutoka huko nikahamishiwa Thika, chini ya Daktari wa Mifugo, mtu mrefu, Mkatoliki, asiyependa maneno. Alinikabidhi pikipiki na mtungi mdogo wa kubeba mgongoni, akanionyesha upande wa mashariki kwa kidole.

"Gatuanyaga," akasema. "Kuna vumbi. Zoea."

Gatuanyaga ni kukavu. Ng'ombe wa maziwa wa Ruiru ukimpeleka kule anakonda ukimwangalia. Wengi walifuga Sahiwal, ng'ombe mwekundu mwenye nundu, anayevumilia jua na majani haba. Na wengi wa niliotumwa kuwahudumia hawakunihitaji, kwa sababu walikuwa na Shukrani.

Shukrani alikuwa fahali wa kanisa. Kanisa lenyewe lilikuwa dogo, la mabati, lisilo na tawi lingine popote, na kiongozi wake waliyemwita Askofu alikuwa mkulima kama wao. Desturi yao ilikuwa hivi: ng'ombe wa muumini hupandwa na fahali wa kanisa bure, na ndama wa kwanza hurudishwa kanisani kama sadaka. Askofu alimlea Shukrani tangu akiwa ndama aliyefiwa na mama, akimnywesha kwa chupa. Alipokuwa fahali mzima mwenye shingo ya kutisha bado alikula mahindi kwenye kiganja cha yule mzee, taratibu, bila kumgusa kwa meno.

Askofu alisoma Maandiko akifuata mstari kwa kidole, na alichokisoma alikitenda kama kilivyo. Hakuwa mnafiki, na hakuchukia hospitali. Jino lilipomsumbua alipanda gari akaenda kung'olewa Thika, kwa kuwa hakuona popote palipokatazwa. Ila kuhusu mifugo aliona pameandikwa mambo mawili. La kwanza, usichanganye mnyama wa namna moja na wa namna nyingine. Kwa hiyo Friziani wangu wa mrijani alikuwa dhambi. La pili, kwamba watu wakitii, hakutakuwa na tasa kwao, wala kwa mifugo yao. Basi ng'ombe akikosa ndama, kuna mtu hajatii.

Hata hivyo alinipenda. Kila nilipopita aliniita. "Mama AI, karibu uji! Hiyo mirija uiache hapo nje."

Nilikunywa uji wake mara nyingi. Tuliongea habari ya kupe, ya mvua, ya watoto wake. Nilidhani hii ni ile 'si kweli' isiyoumiza mtu.

Halafu ng'ombe wakaanza kutupa mimba. Wa kwanza alikuwa wa Mama Njeri. Huyu alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja na watoto wawili. Marehemu mumewe ndiye aliyemleta kwenye kanisa lile, na wanawake wa kanisa ndio waliomzika mumewe, ndio waliokuja na majembe yao kila msimu kumlimia shamba. Hakuwa na ndugu karibu. Kanisa lilikuwa ndugu zake, jembe lake na benki yake. Ng'ombe wake alipandwa na Shukrani, akashika mimba, kisha mimba ikatoka ikiwa changa. Akapandwa tena, ikawa vilevile. Baada yake wa jirani, na wa jirani ya jirani, hadi karibu kila boma la waumini lilikuwa na ng'ombe anayerudia joto kila mara.

Katika Maandiko kuna kisa cha mtu mmoja aliyeficha vitu vya marufuku chini ya hema yake, na taifa zima likashindwa vitani kwa sababu yake. Wazee wa kanisa wakaanza kusema katikati yao kuna mwizi wa hemani. Na kwa vile balaa lilianzia kwa Mama Njeri, macho yote yakaelekea huko. Wanawake waliacha kumsalimia. Msimu wa kulima ukafika na hakuna jembe lililokuja.

Alinipigia simu. "Mama AI, pitia kwangu, lakini ukuje kama mtu amepotea njia."

Nilimpima ng'ombe wake nyuma ya jiko ili tusionekane. Nilichokihisi kwa vidole, pamoja na ile hadithi ya boma kwa boma, vilinipeleka kwenye jambo moja. Kuna ugonjwa unaosababishwa na kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho, kinachokaa chini ya ngozi inayofunika uume wa fahali. Fahali mwenyewe haumwi kamwe. Ananenepa, anang'aa, na kila jike anayempanda anamwachia kijidudu. Mimba inashika, halafu inaharibika mapema. Jambo jema ni kwamba jike akipumzishwa miezi kadhaa bila kupandwa, kwa kawaida anajisafisha mwenyewe. Fahali akishazeeka nacho, hubaki nacho maisha yake yote. Ndiyo sababu mojawapo ya AI kuletwa nchini tangu mwanzo.

Nilimweleza Daktari. Akasema maneno mawili: "Pima fahali."

Kumpima maana yake ni kuosha ile ngozi kwa maji ya chumvi na kuyapeleka maji maabara. Na fahali ana mwenyewe. Nikaenda kwa Askofu, nikakaribishwa uji, nikamweleza yote niliyowaeleza hapa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Unataka kupima mnyama wa madhabahu," akasema.

"Nataka kujua kama ni mgonjwa, Baba."

"Mgonjwa? Umemuona? Mama AI, imeandikwa kwa nini tumbo za mifugo zinafungwa. Haijaandikwa kidudu. Nikikubali kupima, nimesema Neno lilikosea."

Hapo hasira ikanipanda. Nilifikiria lile shamba lililolala. "Baba Askofu, Mungu hakuandika habari za vijidudu, lakini ndiye aliyeviumba! Mtamfukuza mama wa watu kwa sababu ya ujinga?"

Aliniangalia, kisha akakitazama kikombe changu. "Unanifundisha Mungu kwangu," akasema polepole, "na uji yangu bado iko kwa mkono yako."

Niliweka kikombe chini. Nilipokuwa nikifunga kofia ya pikipiki aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba Jumapili Mama Njeri atasimama mbele ya kanisa. Akikiri, ataombewa na yote yataisha. Asipokiri atatengwa, hakuna atakayemsalimia wala kukanyaga kwake.

Nilimkuta Mama Njeri anafua. Nilimwambia nimejaribu na nimeharibu. Hakuonekana kushangaa.

"Sasa nichagulie, Mama AI," akasema, mikono bado ndani ya povu. "Niseme nilifanya nini? Nilikula sadaka, ama nililala na bwana ya mtu? Gani ndiyo ndogo? Nataka ile ndogo watasahau haraka."

"Usikiri kitu hukufanya."

"Haiya! Ni rahisi kwako. Wewe utarudi Thika. Mimi nitabaki hapa na hawa watoto, na hakuna mtu atanishikia jembe."

Sijawahi kujisikia mdogo kama siku ile, na elimu yangu yote, na mtungi wangu wa naitrojeni mgongoni.

Daktari aliponisikiliza alitikisa kichwa. "Umemwambia kitabu chake ni cha ujinga, halafu unataka akupe fahali wake? Hata mimi ningekunyima." Akarudi kwenye kazi zake, kisha akainua uso tena. "Jumapili nenda ukae naye. Usihubiri. Kaa tu."

Basi Jumapili hiyo niliikosa kwaya yangu. Niliketi nyuma ya kanisa lile la mabati, kwenye benchi la wanawake, na Mama Njeri pembeni yangu. Hakuna mwingine aliyekaa kwenye benchi letu. Askofu alisoma kile kisa cha mwizi wa hemani, akaeleza, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kweli, haikuwa ya mtu anayefurahia. Kisha akaita. Mama Njeri akasimama, akaenda mbele, akafunga leso vizuri.

"Baba Askofu," alianza, "nimekuja kukiri. Usiku wote nilitafuta dhambi ya kusema nikakosa ya kutosha ng'ombe wote hawa. Lakini nimesikia vile umesoma. Umesoma walipitisha kabila zote mbele. Halafu ukoo kwa ukoo. Halafu nyumba kwa nyumba, mpaka wakamfikia. Si ndivyo?"

"Ndivyo," akasema Askofu.

"Sasa mimi nauliza tu. Mbona kwangu hamkupitisha mtu? Mlianza na mimi. Hiyo ya kuanza na mjane imeandikwa wapi?"

Mabati yalilia kwa joto la jua. Mzee mmoja wa mbele akaruka, "Baba, huyo anageuza Neno!" Askofu alimnyamazisha kwa mkono. Akafungua tena pale pale, akaweka kidole, akasoma kimya, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alirudi juu akasoma tena.

"Hajageuza," akasema hatimaye. "Ni vile iko. Walipita wote. Sisi tuliruka."

Mtu mwingine angetafuta njia ya kukwepa. Wengi wenye elimu kubwa kuliko yake nimewaona wakikwepa. Yeye alikuwa mtu wa kutenda kama ilivyoandikwa, na siku ile ilimgharimu. Alitazama hadi nyuma ya kanisa.

"Mama AI. Ile siku ulisema uko na njia ya kupima ng'ombe mmoja mmoja."

Nilisimama. "Niko nayo, Baba."

"Haitaruka mtu?"

"Haitaruka. Nianze wapi?"

"Anza kwangu," akasema. "Kisha wazee. Huyu mama awe wa mwisho."

Mama Njeri alirudi kwenye benchi akaketi. Mkono wake ulikuwa baridi nilipoushika.

Daktari mwenyewe alikuja kwa kazi ile. Askofu alimshika Shukrani kwa pete ya pua, akimwimbia wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini muda wote tulipokuwa tukimwosha. Fahali hakutikisika. Baada ya hapo tulipita boma kwa boma, kwa mpangilio aliousema, mpaka kwa Mama Njeri. Kisha Askofu akatangaza kwamba anakwenda nasi Thika, kwa kuwa hawezi kuwaambia watu jambo ambalo hakuliona.

Maabara walihitaji siku chache za kukilea kijidudu kwenye chupa ya joto, hivyo alirudi tena na tena. Siku majibu yalipokuwa tayari Daktari hakumpa karatasi. Alimvutia kiti mbele ya hadubini, akamwonyesha pa kuweka jicho. Askofu alivua kofia. Alikaa pale muda mrefu.

"Kanatembea," akasema.

"Ndiyo."

"Kana kamkia. Ngai! Na haka kametoka kwa Shukrani?"

"Kwa Shukrani, na kwa ng'ombe kadhaa aliowapanda."

"Alijua? Aliumwa?"

"Hakuumwa hata siku moja," Daktari akajibu. "Mnyama hana kosa."

Askofu aliinua kichwa, na macho yake yalikuwa mekundu. "Na haka, Daktari, kaliumbwa na nani? Ni Mungu?"

Nilidhani Daktari atatoa mhadhara. Alikuna kidevu. "Baba, hilo hata mimi huwa naliuliza. Mimi najua tu kanakaa wapi na kanatokaje."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Nafikiri jibu lile lilimfaa kuliko yote niliyompigia kelele kwake nikiwa na uji mkononi.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa hadi nje. Askofu hakupanda madhabahuni, alisimama chini, kwenye sakafu ya udongo. Alisema hivi, na nayakumbuka kwa kuwa yalikuwa machache: "Nimetafuta mwizi kwa nyumba ya mjane. Hakukuwa na mwizi. Kulikuwa na ugonjwa, na ulikuwa kwa zizi yangu. Mama Njeri, nimekukosea mbele ya watu, na ninakuomba msamaha mbele ya watu."

Watu walimgeukia mama. Nilitarajia machozi, au wimbo. Alisimama akapangusa sketi.

"Nimesikia, Baba. Nimesamehe. Sasa wale wa majembe wakuje Jumanne, shamba yangu imelala."

Walikuja. Nilipita na pikipiki nikawaona mstari mzima, migongo imeinama, na Mama Njeri mbele yao akiwaonyesha mahali walipoharibu.

Shukrani alichinjwa. Nyama ya fahali wa namna ile haina madhara, na iligawiwa kwa wote, lakini Askofu hakuila, wala mkewe hakuipika. Alikonda mwezi ule. Nilimwendea mara nyingi, na nilipokaa naye sikutaja kijidudu wala Neno, tuliangalia tu zizi tupu. Ng'ombe wote walipumzishwa. Ilipofika wakati wa kuwahudumia, aliniuliza kama kwenye mtungi wangu kuna Sahiwal. Daktari alikuwa ameagiza tayari. "Sahiwal kwa Sahiwal," Askofu akasema, akapima maneno hayo, "hiyo ni namna moja kwa namna moja. Mirija iingie." Ni yeye mwenyewe aliyemshika ng'ombe wa Mama Njeri kichwa. Ndama alizaliwa jike, mwekundu, mwenye masikio yaliyolala.

Msidhani wote waliridhika. Yule mzee wa mbele aliondoka na familia kadhaa, akisema Askofu ameuza Neno kwa Daktari, na hadi leo wana fahali wao upande wa pili wa barabara. Mama Njeri naye alisamehe kwa mdomo kwanza, moyo ukafuata taratibu. Alikaa lile benchi la nyuma muda mrefu, na walipomwita mbele alisema pale kuna hewa.

Sasa nimestaafu. Magoti yameisha, na bega la kulia linanikumbusha kila ng'ombe niliyemwingiza mkono. Vijana kutoka vyuoni hunitembelea hapa nyumbani Ruiru, na mara nyingi huuliza: cucu, ukikutana na mtu anashikilia dini na hataki sayansi, unamfanya nini? Nawaambia sijui. Ninachojua ni kwamba mimi niliongea sana na sikumsogeza Askofu hata kidogo. Aliyemsogeza ni mtu aliyekaa ndani ya nyumba hiyohiyo, akisoma yaleyale, akauliza swali ambalo mwenye nyumba hakuweza kulikimbia. Sisi wengine kazi yetu ni kuwa pale na vifaa safi mlango ukifunguliwa. Na tusiwe tumeshautukana.

Mwaka huu kulikuwa na harusi kwenye kanisa lile, nami nilialikwa. Siku zilizofuata watu wengi wakashikwa na homa ya tumbo, na watoto wakalazwa. Nilisikia kwamba minong'ono imeanza juu ya mama aliyepika, mgeni kutoka Murera, ambaye hata jina lake wengi hawakulijua. Nilikwenda kwenye zahanati kumtazama mtoto wa jirani. Foleni ya kupimwa ilikuwa ndefu hadi langoni, kanisa zima. Askofu alikuwa wa kwanza kabisa, mzee sana sasa, ameshika kikopo chake cha kupimia choo kilichofungwa kwa gazeti bila aibu yoyote. Wazee wa kanisa walikuwa nyuma yake, kila mmoja na chake. Mwisho kabisa wa foleni alikuwa yule mpishi, akilia, kitambaa kimefunika uso, na Mama Njeri amemshika mkono, hakuuachilia mpaka zamu yao ilipofika.